Siku tano Lushoto: kuzunguka kote, au kutulia bonde moja?

Swali: Sisi ni familia ya watu watano kutoka Dar es Salaam: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 9 na 12, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Mwezi wa Desemba tuna siku tano na tumeamua kwenda Lushoto. Nimeandika orodha: Soni, Irente, msitu wa Magamba, Mlalo, Mtae. Ninachotaka hasa ni watoto waone watu wanavyolima na kuishi, wasirudi na picha za ukingo wa mlima tu. Je, tunaweza kuingia vijijini bila kuwakera wenyeji? Tunahitaji mwongozaji? Na tubebe nini cha kuwapa?

Jibu: Dada yangu, kila mahali kwenye orodha yako ni pazuri, lakini nakuomba uipunguze. Kwa siku tano, ukiondoa mbili za safari ya kwenda na kurudi, zinabaki tatu. Ukizigawa kwa sehemu tano mtashinda kwenye gari, na barabara za huko zina kona za kutosha kuwatapisha watoto wote wawili. Chagueni bonde moja mkae humo. Ningekuwa mimi, ningechagua Mlalo.

Sababu yangu inatokana na umbo la milima yenyewe. Milima ya Usambara Magharibi, ambamo Lushoto imo, imeinuka ghafla kutoka nyikani, kingo zake zimekatika kama ukuta, na ndani yake ndiko kwenye mabonde yenye watu. Sehemu maarufu za kutazamia mandhari ziko kwenye kingo hizo. Ukisimama Irente unaitazama Mazinde na tambarare kubwa iliyo chini. Ukisimama Mtae unaiona nyika ya Mkomazi, na asubuhi isiyo na ukungu hata Kilimanjaro. Ni mandhari ya kukuacha mdomo wazi, sikatai, na Irente iko kilomita chache tu kutoka mjini, kwa hiyo mtaipitia. Ila ukiwa pale wakulima umewapa mgongo. Wewe umesema unataka watoto waone watu wanavyolima, na hao wako upande wa pili, ndani.

Mlalo iko kaskazini mwa mji wa Lushoto, karibu kilomita 30. Unapanda kwanza Magamba penye msitu na baridi, unapita maeneo ya mboga, halafu unashuka kwenye bakuli kubwa la mashamba lililozungukwa na vilima pande zote. Juu yake upo msitu wa Shagayu. Maji ya huko ndiyo yanayoulisha mto Umba, ambao hushuka nyikani, ukavuka mpaka na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, upande wa Kenya. Mji wenyewe ni mdogo. Nyumba nyingi ni za matofali ya udongo, na baadhi ya zile za zamani ni za ghorofa zenye roshani za mbao. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891 na kuanzisha kituo chao cha kwanza kati ya Washambaa, wenyeji wa milima hii, na mpaka leo kanisa na misikiti vinasikilizana humo bondeni.

Sasa niseme kidogo kuhusu kilimo, kwa sababu usipojua unachokitazama utaona kijani tu. Nimefanya kazi ya ugani milimani huko kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutembeza wageni, na hili ndilo ninalopenda watu walione kwanza: mkulima mmoja hana shamba moja. Ana kipande chini bondeni penye unyevu, na hapo ndipo penye kabichi, karoti, viazi, nyanya na hoho za kuuza. Ana kipande mteremkoni cha mahindi na maharage ya kula. Ana migomba kuzunguka nyumba, na pengine kahawa chini ya migomba. Kitongoji chenyewe mara nyingi kimekaa juu kwenye mgongo wa kilima, si chini penye maji, na hivyo ndivyo Washambaa walivyojenga tangu zamani. Vipande hivyo ni vidogo, vimegawanywa kwa urithi kizazi hata kizazi, na vimetawanyika. Mgeni huona kama usumbufu. Mkulima anajua kwamba mvua ikikataa mteremkoni, bondeni panaweza kutoa kitu, na mafuriko yakizoa bondeni, migomba ipo juu. Waambieni watoto wamuulize mwenyeji wenu ana vipande vingapi na viko wapi. Ataanza kunyoosha kidole huku na huku, na kwa dakika kumi watakuwa wamejifunza bonde lote.

Kitu cha pili ni mteremko. Mtaona matuta ya ngazi, mtaona makinga maji yaliyopandwa mabingobingo au majani ya guatemala, na miti ya grevilea mipakani. Majani yale yanashika udongo, na pia yanakatwa kila siku kwenda kwa ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani, samadi yake ikarudi shambani. Mengi ya hayo yalisambazwa na mradi wa hifadhi ya udongo ulioitwa SECAP katika miaka ya 1980 na 1990, kwa msaada wa Ujerumani. Lakini Mlalo ina kumbukumbu ya zamani zaidi, na ni chungu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha hapo hapo mpango wa kuzuia mmomonyoko. Watu waliamriwa kulima matuta mteremkoni kwa namna iliyopangwa ofisini, na aliyekataa aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa, na mavuno hayakuongezeka kwa kiasi cha kulipa jasho hilo. Mpango ulipanuliwa kwenda sehemu nyingine za Usambara, watu wakaupinga waziwazi, na mwaka 1957 ukaachwa.

Nakueleza haya kwa sababu yanajibu swali lako la kutowakera wenyeji. Wamekwisha kupokea watu wengi waliokuja kuwafundisha kulima. Mkiona mtu amelima mteremko mkali kuliko mnavyodhani inafaa, msimpe ushauri. Muulizeni. Atakuambieni eneo lile ni la nani, alilipata lini, na kwa nini mwaka huu ameweka maharage badala ya majani. Mtu akiulizwa hivyo hufurahi, na mazungumzo huwa marefu.

Kuhusu kuingia vijijini: ndiyo, inawezekana, na ndiyo, chukueni mwongozaji. Njia hazipotezi sana, kwa hiyo si kwa ajili ya njia. Mwongozaji anajua ni nyumba gani ina msiba wiki hiyo, ni nani anapenda wageni na nani amechoka nao, na ndiye atakayewapitisha kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji kabla hamjaanza kuzunguka kwenye mashamba ya watu. Watanzania wengi huona kwamba mwongozaji ni wa Wazungu. Sivyo. Wewe na mimi tukiingia kijiji tusichokijua bila kujitambulisha, watu watajiuliza kama tumekuja kununua ardhi, na hilo huleta wasiwasi. Mjini Lushoto kuna vikundi vya waongozaji vilivyosajiliwa, vinavyofanya utalii wa kitamaduni ulioanza nchini katikati ya miaka ya 1990. Mtafuteni mmoja aliyezaliwa Mlalo au karibu nayo, na mkubaliane bei kabla: siku ni kiasi gani, chakula cha nani, na sehemu gani inakwenda kijijini. Akishindwa kueleza hiyo sehemu ya kijiji, tafuteni mwingine.

Salamu ni zile zile mnazozijua. Watoto wako waamkie kila mtu mzima kwa shikamoo, hata aliye mbali ng'ambo ya mfereji, na wasubiri marahaba. Wakijifunza kusema "onga maundo" asubuhi watawachekesha bibi wote wa njiani, na mlango utafunguka. Wewe beba khanga mbili. Mlalo ni bonde la watu wa dini, Waislamu ni wengi, na suruali fupi zinafaa kubaki kwenye begi. Picha, omba kwanza, na mtu akikataa usimbembeleze. Mtu aliye shambani na nguo za kazi ana haki ya kutotaka kuonekana hivyo kwenye simu za watu.

Kuna jambo la usalama ambalo vitabu vya wageni havilitaji. Mboga za bondeni hupigwa dawa, hasa nyanya na viazi, na Desemba yenye unyevu hupigwa mara kwa mara. Mkimwona mtu na bomba mgongoni, kaeni upande unaotoka upepo na mpishe mbali. Watoto wasichume wala kutafuna chochote shambani mpaka mwenye shamba aseme lini alipiga dawa mara ya mwisho. Na wakishika majani, wanawe mikono kabla ya kula. Nawaomba sana mlizingatie hili, kwa sababu mtoto wa mjini akiona nyanya nyekundu kwenye mti mkono wake haungoji ruhusa.

Zawadi. Msibebe pipi. Siku mbili mkigawa pipi njiani, mgeni wa wiki ijayo atafuatwa na watoto thelathini waliotoka kwenye kazi zao, na wazazi hawapendi. Daftari na kalamu, kama mnataka, mkabidhini mwalimu mkuu au mwenyekiti. Kwa mwenyeji atakayewapokea nyumbani, sukari, majani ya chai, mchele na sabuni ni heshima inayoeleweka, kwa sababu ndivyo jamaa wa mjini anavyokuja. Mkikaribishwa chakula, kula. Inaweza kuwa makande, ndizi za kuchemsha, au bada, ule ugali wa muhogo unaopendwa Tanga nzima. Mwongozaji awe amekwisha kupanga malipo ya mwenyeji. Wewe usitoe noti mezani mbele ya wazee.

Na muda wa mtu ni mali. Mkulima akiwaonyesha shamba asubuhi nzima, palizi yake imesimama. Mlipeni kama mnavyomlipa fundi, kwa kiwango mlichokubaliana kupitia mwongozaji. Au fanyeni kazi naye. Watoto wa miaka 9 na 12 wanaweza kabisa kung'oa karoti, kuzikata majani na kuzibeba mpaka kwenye mfereji wa kuoshea. Mume wako ajaribu kubeba gunia la kabichi kutoka bondeni mpaka barabarani. Hapo mtaelewa kwa nini bei ya barabarani si bei ya shambani.

Hilo la bei lina utamu wake kwenu hasa, watu wa Dar. Kabichi na karoti mnazonunua Ilala au Kariakoo, nyingi zimetoka milimani huko. Dalali hupita shambani au husubiri gulioni, mzigo hukusanywa mchana, malori ya Fuso huondoka jioni na kushuka Mombo usiku, na alfajiri yako sokoni Dar. Mkulima hupokea simu ya bei, na bei inaweza kuanguka mzigo ukiwa njiani. Muulizeni mwenyeji wenu gunia limekwenda kwa shilingi ngapi wiki hiyo, kisha wewe mwenyewe ukumbuke ulichonunua kwa sado wiki iliyopita. Nimeona watoto wakikokotoa tofauti hiyo kwa kijiti kwenye udongo, na hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Pangeni safari ifuate siku ya gulio, si siku ya gulio ifuate safari yenu. Soko kubwa la Lushoto mjini ni Jumapili na Alhamisi. Mlalo nayo ina siku yake, na vijiji vya jirani vina zao, kwa hiyo muulizeni mwongozaji kwa simu kabla hamjakata tiketi. Siku ya gulio bonde zima huwa njiani tangu alfajiri, na ukitembea na watu hao utaona mengi kuliko ukizunguka peke yako siku tupu.

Msichanganye wote mnaowaona kuwa Washambaa. Kwenye vilima vya Magamba na Rangwi wapo Wambugu, ambao kwa asili ni wafugaji wa ng'ombe. Wanayo lugha ambayo wanaisimu wa dunia nzima huizungumzia, kwa sababu maneno yake mengi yana asili ya Kikushi (jamii ya lugha kama Kisomali na Kiiraqw) na sarufi yake ni ya Kibantu. Wapare wapo pia. Na ukitaka kuwapa watoto hadithi ya njiani, simama Soni uwasimulie kuhusu Vuga iliyo jirani: jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alivyowaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, akawagawia nyama, wakamfanya chifu. Ukoo wake wa Wakilindi ulitawala milima yote mpaka wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Mwindaji huyo alipata ufalme kwa kulinda mashamba, na wafalme waliomfuata walitegemewa kuleta mvua.

Sasa mama mkwe. Msimlazimishe kushuka bondeni, na msimwache hotelini siku nzima. Njia za mashambani ni nyembamba, zina utelezi, na kushuka huumiza goti kuliko kupanda. Mwongozaji atafute nyumba inayofikika kwa gari au bodaboda, yenye bibi wa rika lake. Wawili hao wakipewa karai la maharage ya kupukuchua, mtarudi jioni mkute anajua habari za kijiji kuliko ninyi. Siku ya Lushoto mjini mpelekeni Irente Farm kwa gari. Pana bustani, mkate, jibini na jamu, na viti vya kukalia. Nyinyi wengine mtembee mpaka ukingoni mrudi.

Mpangilio wangu basi. Siku ya kwanza ni safari: mabasi ya Lushoto yanaondoka asubuhi na mnatumia karibu siku nzima. Mombo mnaiacha barabara kuu ya Moshi na kupanda kilomita 33 za lami, mkiongeza takriban mita 1,000 za mwinuko, na maporomoko ya Soni mtayaona katikati ya njia. Laleni Lushoto. Siku ya pili asubuhi Irente, mchana mwende Mlalo, mlale huko kwenye nyumba ya wageni ya kawaida. Msitegemee anasa: kitanda safi, maji ya moto kwa ndoo, umeme unaoweza kukatika. Siku ya tatu nzima bondeni. Siku ya nne asubuhi bado bondeni au gulioni, na jioni mrudi Lushoto mkipitia Magamba. Hapo mnaweza kuingia msituni kwa saa mbili mkitafuta mbega na vinyonga; ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Siku ya tano mrudi. Mtae ibaki kwa safari nyingine.

Desemba ni mwezi mzuri na ni mwezi mgumu. Mvua za vuli zinakuwa bado hazijaisha sawasawa, mahindi na maharage yamo shambani, kila kitu kina rangi. Ila barabara ya Mombo hadi Soni hupitia kwenye mwamba, na mvua kubwa ikinyesha mawe na udongo vinaweza kuporomoka. Msipande usiku. Njia ya Mlalo nayo huteleza, kwa hiyo gari dogo la chini liachwe Lushoto mkodi la juu lenye dereva wa huko. Tiketi za basi zikatwe mapema, maana wiki ya Krismasi Washambaa wa Dar wote wanarudi kwao. Sweta kila mtu, viatu vya kukanyagia tope, koti la mvua, fedha taslimu za noti ndogo. Benki zipo Lushoto, na bondeni mtatumia pesa za simu.

Na Desemba ndipo plamsi zinapoanza kuiva. Zitajaa barabarani kwenye ndoo na matenga kuanzia Magamba mpaka Mombo, na mtashawishika kununua kwenye tenga la kwanza mtakaloliona. Nunueni bondeni kwa mtu aliyewapokea, asubuhi ya siku ya nne, na mwombeni awachumie zilizo ngumu kidogo, ambazo wekundu ndio kwanza unaingia. Zilizoiva kabisa zileni huko huko. Zikiwekwa kwenye mfuko chini ya kiti cha basi, kwa joto la kuanzia Mombo kushuka, mtafika Mbezi na uji. Tenga dogo lenye majani ya mgomba chini na juu, likae miguuni pa mama mkwe, litafika salama.